Bushi Kutoka Ngomeni

Bushi ilirudi Jumanne kutoka Ngomeni,
ndani ya gunia la mkonge, vipande viwili.
Korona imesimama tangu alfajiri, alisema dereva,
majani yananyauka uwanjani,
na meneja haitikii salamu.

Mwanakombo Singano hakujibu.
Alichukua msumeno, akakata kipande kimoja katikati,
akakisugua kwa msasa hadi kikang'aa,
akakipangusa kwa tindikali ya betri,
akanipa: Soma.

Nikasoma. Kumbe shaba ina punje.
Pembeni, ilikogusa mchanga wa baridi,
punje ndogo, zimeshonana kama ulezi;
kuelekea ndani zimerefuka kama vidole vinavyotafuta kitu gizani,
na katikati kabisa, tundu.
Si la mdudu. Si la kutu.
Ukucha wangu uliingia.

"Ilipokuwa uji haikuwa na deni na mtu," alisema.
"Ikianza kuganda inasinyaa, inadai.
Ukingo ukala kwa tumbo, tumbo likala kwa kiini,
kiini kikageuka nyuma: hakuna mtu.
Wa mwisho kuganda ndiye hulala njaa."

Niliikumbuka siku ile. Mimi ndiye niliyemimina.
Umeme ulikatika, feni ya tanuri ikanyamaza,
nikaogopa moto usinifie mkononi,
na kile kichwa cha kulishia, juu ya kalibu,
nikakifinyanga kidogo kama kikombe cha kahawa,
nibane shaba.
Mwanakombo alianza methali, "Haraka haraka..."
akaniachia niimalizie mwenyewe.

Leo tumerudia, uani, Barabara ya Kumi na Nne.
Mchanga wa Mkulumuzi, udongo kiasi, maji ya kunyunyiza kwa vidole.
Kichwa sasa ni bakuli,
tumekifunika majivu ya pumba za mpunga kama mgonjwa wa homa,
kichelewe kupoa,
kiwe cha mwisho yeye,
njaa imkute huko juu.

Tukamimina. Uso wa shaba ukatetemeka,
ukakunja kipaji,
ukatulia. Hakuna aliyesema neno;
hata fundi pikipiki wa jirani alizima injini.
Kisha, polepole, katikati ya kichwa
pakabonyea, pakazama kama kitovu,
na Mwanakombo akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne:
"Lile tundu! Limehamia kwake."

Kesho nitakikata kichwa, nikirudishe chunguni.
Nusu ya bushi iliyovunjika ipo dirishani,
imekalia risiti zisipeperuke.