Mwenye Bucha Atazama Utumbo Wake

Huko Tacuarembó, kaskazini mwa Uruguay,
ambako ng'ombe humzidi binadamu kwa hesabu na kwa heshima,
Wilmar Echenique ana bucha mwaka wa thelathini na moja.
Utumbo anaujua kama msusi ajuavyo nywele:
huugeuza ndani nje, huusugua kwa chumvi na ndimu,
huusuka, huutundika,
na Jumapili mtaa mzima unanukia moshi.

Mara mojamoja kisu chake kilikutana na kinyama
kilichoota ukutani, chekundu, laini kama forosadi.
Alikikata kwa ncha, akamtupia mbwa.
Hakukiuliza jina.

Julai, baridi ya kuumiza meno,
Elbia mkewe akarudi na karatasi ya zahanati.
Kipimo cha choo kimeona damu ambayo jicho halikuiona.
"Damu?" akacheka. "Mimi nashinda ndani ya damu."
"Hii," Elbia akasema, "ni yako."

Siku ya kuamkia kipimo: nyama marufuku,
chochote chekundu marufuku, hata jeli ya stroberi.
Mate yake pia ilibaki kabatini
(kule mate si udenda, ni majani machungu ya kunyonya kwa mrija).
Akanywa dawa, lita mbili,
tamu na chumvi pamoja, kama chai iliyopikwa kwa hasira.
Usiku kucha akalinda choo kama askari wa zamu
hadi akatoka mwepesi, mweupe ndani,
kama kazi ya mikono yake mwenyewe.

Daktari Nélida Sarachaga, mfupi, soksi za manjano,
akamuuliza: usingizi mzito au mwepesi?
"Mwepesi. Nataka kuona."

Basi akaona.
Pango la waridi, limelowa,
pete nyuma ya pete,
mishipa myembamba kama michoro ya mto kwenye ramani ya shule.
Hakujua kwamba yeye ni mzuri hivi.
Mwenye bucha akanyamaza. Hakuwahi kuuona utumbo
ukiwa bado na mtu wake.

"Kimoja hiki," akasema daktari.
Polipu, imesimama juu ya kikonyo kama uyoga baada ya mvua.
Na ya pili, bapa, imejilaza,
imejifanya ukuta.
"Ni saratani?"
"Sidhani. Maabara ndiyo itakayosema.
Nyingi ya hizi ni kama kijana aliyesimama njia panda.
Wengine hawaendi popote.
Mwingine huchukua miaka kumi, kimya, bila maumivu,
na siku utakayomsikia ameshafika.
Kwa kumtazama tu simjui ni yupi.
Kwa hiyo simwachi yeyote."

Chini ya ile bapa akapenyeza sindano ya maji ya chumvi.
Ikafura kama andazi, ikajitenga na ukuta.
Kitanzi cha waya kikaishika shingo.
"Waya huo," akauliza Wilmar, ulimi mzito kwa dawa,
"unaunoa kwa nini?"
"Haunolewi. Unapashwa kwa umeme.
Unakata na kuziba palepale."
Akatikisa kichwa taratibu, fundi kwa fundi.
Hakusikia uchungu. Huko ndani, aliambiwa,
ukuta haujui kulia ukikatwa.

Jambo hilo ndilo lililomtisha.

Siku kumi na mbili baadaye, majibu:
zote mbili zilikuwa zimeanza kugeuka,
hakuna iliyokuwa imefika.
Arudi baada ya miaka mitatu.
Apunguze soseji. (Akauliza: kuuza au kula?)
Na ndugu zake wapimwe, kila mmoja, wasingoje damu.

Sasa amesimama nyuma ya kaunta, aproni safi,
simu begani, utumbo wa ng'ombe mkononi.
Kaka yake Nery, wa Rivera, ana miaka hamsini na minane
na anasema hakuna mtu atakayemwingiza bomba huko nyuma.
Amekata simu.

Vidole vya Wilmar vinapapasa ukuta ule laini,
polepole, vikitafuta.
Mbwa anangoja mlangoni.
Anapiga tena.