Lita Saba

Nilichokitaka kilikuwa kidogo, na watu walikicheka:
gari la kunitoa Tabora mpaka Urambo na kunirudisha
kwa lita saba.
Si saba na nusu. Saba.
Shemeji yangu Kapela akasema, "Nunua pikipiki."
Nikamwambia pikipiki haibebi madumu kumi na mawili ya asali,
wala haibebi ubishi wangu.

Nilitaka dizeli, tena ya zamani,
iliyozaliwa kabla magari hayajafundishwa kuwasha taa za kulalamika;
pampu ya chuma, nozeli nne,
kitu ambacho ukikifungua unakuta kitu,
si kiboksi cheusi kinachosubiri kompyuta itoke Mwanza.

La kwanza lilikuwa Ipuli. Pijo, pikapu, rangi ya maziwa ya jana.
Mwenyewe, Bwana Nkwabi, alikuwa ameliosha mpaka matairi.
Niliweka kiganja juu ya injini kabla salamu hazijaisha:
moto.
Saa moja asubuhi, moto.
Injini iliyopashwa kabla ya mgeni ni kiporo,
hujui kililala na nani.
Nikanywa chai yake, nikayasifia matairi, nikaondoka.

La pili, Landkruza ya misheni. Lile sikulijaribu hata.
Nililizunguka mara moja
kama mtu anayezunguka ng'ombe wa mahari ya mwingine.
Zuri. Linavuka mbuga za masika bila kuomba msaada.
Lakini tumbo lake ni la bwana harusi:
lingekunywa asali yangu ya mwezi na kuuliza chakula kiko wapi.

La tatu nililikuta Isevya, nyuma ya nyumba.
Korola dizeli, pua imekunjamana,
kiti cha nyuma kuku anaatamia.
Mama Nyanzobe hakuliosha. Hakulipasha.
Hakusema "bei ni maongezi."
Alimwondoa kuku taratibu, akayahesabu mayai kwenye kanga, tisa,
ndipo akanipa ufunguo.

Baridi ya Julai. Nikasubiri taa ya plagi izime,
nikazungusha.
Likakohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe,
likanyamaza kama mtu anayetafuta jina,
halafu likaanza kusaga,
ngororo, ngororo, ngororo,
sauti ya mtu anayejua kazi na hataki kusifiwa.
Nikafungua mfuniko wa oili, nikauacha umelala pale pale mdomoni:
haukuruka.
Nikashika kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi, dakika nzima.
Kilitoka na kivuli, hakikutoka na lami.

"Marehemu," mama akasema, "alikuwa analizima kwenye mteremko."
"Mteremko gani, mama, hapa Tabora?"
"Kutoka mnada wa mbuzi hadi relini.
Mwenye gari hauoni. Mwenye dumu kichwani anaujua."

Nililipa bila kuomba apunguze.

Safari ya kwanza nilijaza hadi shingoni mwa tangi.
Nikaenda spidi sitini, soksi mguuni bila kiatu
ili unyayo usikie pedeli inachosema.
Malori ya tumbaku yalinipigia honi, yakanipita, yakaniachia vumbi.
Niliporudi nikajaza tena, kwa chupa ya lita, polepole, hadi pale pale:
lita kumi na moja na robo.

Nimeandika hivyo hivyo kwenye daftari. Kwa wino.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema;
hawasemi kwamba haba na haba ndiyo humaliza tangi pia:
tairi lenye upepo pungufu,
breki inayoshika kidogo tu, kama mke asiyetaka usafiri,
keria ya kuringia juu ya paa,
mguu mzito wa mtu mwenye haraka asiyekuwa na pa kuwahi.

Kesho nafungua breki.
Keshokutwa, kabla jua halijachoma,
nitajitwisha dumu la maji, lita ishirini,
nitembee kutoka mnadani hadi relini
nikausome ule mteremko kwa shingo.