Kumi na Saba kwa Ishirini

Jumamosi, ghorofa ya nne, Ngara.
Daktari Gathoni alitupanga wawili wawili.
"Leo," alisema, "mazungumzo magumu.
Mmoja ni meneja, mwingine anapoteza kazi.
Mna dakika sita."

Mimi nikawa meneja.
Abdinasir wa benki akawa mfanyakazi:
akalegeza tai, akainamisha kichwa,
akajaribu kulia, akacheka.
Nilimtazama machoni kama kitabu kilivyoagiza,
nikataja jambo lenyewe kabla ya pole,
nikanyamaza palipotakiwa ninyamaze,
huku nikihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne.
Darasa likapiga makofi.
Kumi na saba kwa ishirini,
na pembeni, kwa kalamu ya kijani:
"Utulivu wa kupigiwa mfano."

Niliipiga picha karatasi ile, nikamtumia mama.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
zamu ya usiku ikivua vyavu vya nywele,
Barabara ya Lunga Lunga ikinuka dizeli na hamira,
nilimwita Mukabwa ofisini.
Miaka kumi na tisa kwenye tanuri namba tatu.
Unga umemkalia kwenye nyusi
hata humjui ana mvi ngapi.
Kampuni imenunua mtambo unaojipima joto wenyewe,
usiougua, usiozika mtu Malava.

Nilifungua mdomo.
Jambo lenyewe halikuja. Pole haikuja.
Kilikuja kimya,
si kile cha kuhesabu hadi nne;
hiki kiliwafikia wapakiaji kule nje,
nao wakaacha kugonganisha kreti.

"Keti, Madam Syombua."
Ni yeye aliyesema.
Akanivutia kiti changu mwenyewe.
"Ni barua, sivyo? Ilete.
Tangu mtambo ushushwe kwenye lori najua.
Mke wangu alishapunguza maziwa ya chai."

Alitia sahihi pale kidole changu kilipotetemekea,
sahihi yenye mkia mrefu, mpaka nje ya mstari,
akaupuliza wino
kama apulizavyo ganda la mkate wa kwanza,
kisha akauliza neno moja tu:
"Mlango wa namba tatu hukwama saa tisa usiku.
Hausukumwi. Unauinua kidogo, halafu unavuta.
Mwezi huu uliobaki, nimwonyeshe nani?"

Sikuwa na jina la kumpa.

Sasa ni Alhamisi, nina insha ya maneno elfu mbili:
"Eleza siku uliyoongoza wengine katika mabadiliko."
Nimeandika jina langu, namba ya usajili,
nimeandika "mimi", nimefuta "mimi".
Droo iko wazi, natafuta stakabadhi ya karo
ili niipeleke kesho kwa mhasibu wa chuo,
nakutana na fomu ya mkopo wa Sacco.
Wadhamini watatu.
Wa pili, mkia mrefu, mpaka nje ya mstari.

Alinidhamini na hakunikumbusha.
Hata pale, kalamu mkononi, hakunikumbusha.

Kitabu kina sura kumi na mbili.
Nimepekua faharasa, herufi baada ya herufi,
deni halimo.

Saa saba na nusu usiku.
Kompyuta inajizima yenyewe kwa kuchoka kuningoja.
Mukabwa yuko zamu.
Chini ya kitanda natafuta viatu vyangu
visivyo na visigino.