Bado Kumi na Saba

Hati ina jina lako, Yaledi.
Mkopo una langu.
Mwenyekiti wa mtaa kauliza cheti cha ndoa,
tukatazama viatu vyetu,
vyekundu kwa vumbi la Nzuguni.

Mabati ni ya kikoba, geji ishirini na nane,
marejesho kila Alhamisi,
bado kumi na saba.
Dirisha la jikoni ni zabibu za mama kule Hombolo,
msimu mzima.
Msingi ulichimba wewe. Sikatai.
Malengelenge yako niliyakanda mwenyewe,
kwa maji ya chumvi.

Leo wasema tugawane.
Haya, baki na kuta.
Mimi nina Alhamisi zangu.

Ila usiku,
upepo ukibisha mabatini,
usiulize ni nani.