Sentensi ya Saba

Ukungu wa Newala umekuja mpaka dirishani.
Madaftari arobaini na mawili, kalamu nyekundu,
taa ya sola iliyoanza kuchoka.

Asubuhi niliwachorea safu tatu ubaoni:
una hakika, tumia kitenzi cha leo;
unatamani, tumia cha jana;
unajuta, nenda jana ya jana.
Bakili Likonde akanyoosha mkono uliobabuka kwa maganda ya korosho:
"Mwalimu, Mwingereza akitamani cha kesho
mbona anakifuata jana?"
Wakacheka. Nikasema ndivyo walivyo, andikeni.

Sikuwaambia kuwa na mimi hunichosha.
Sisi sharti tunalimeza: ki, nge, ngali,
limo tumboni mwa kitenzi kama kokwa ya zambarau.
Wao wanalitundika nje, ifu,
kama korosho chini ya bibo.

Sasa daftari la Somoe Nandonde, sentensi ya saba.
Kwa Kiingereza chake cha kujipinda ameandika:
ifu baba aliuza korosho mwezi wa kumi,
tutaezeka bati.
Jana mbele, kesho nyuma.
Kalamu ikashuka yenyewe kukata.

Ikasimama.

Magunia saba ya mzee Nandonde nayafahamu.
Yalipimwa chama cha msingi, nilikuwepo,
yakaondoka na lori usiku.
Mnada wa kwanza, mnada wa pili;
stakabadhi imo ndani ya kopo la maziwa,
simu haijalia kwa ujumbe wa benki.
Ziliuzwa? Hazikuuzwa?
Mtoto hatamani. Wala hajuti.
Anasema jambo lililokwisha kutokea, au halikutokea,
ila habari yake haijapanda mlima kufika huku.

Kama baba aliuza.
Nalitamka kwa sauti, peke yangu.
Kama. Kumbe nasi tunalo linaloning'inia nje.

Na mimi, mtu wa safu ya tatu,
niliyeuza mikorosho ya mama kule Kitangari
kwa bei ya ada ya muhula mmoja
(ningalijua; lakini ningalijua huja nyuma),
nilitaka darasa zima lijute kwa utaratibu wangu.

Nikaweka vema.
Pembeni nikaandika: eleza zaidi. Nikayakata.
Kesho nitachora safu ya nne,
chaki ikiwepo.