Dubu wa Aina Gani

Kampuni ya Winnipeg iliomba yote:
dubu yeyote, amesimama au ameketi,
juu ya chakula chochote, popote, milele,
"na alama nyingine yoyote inayofanana."
Nikachapa hivyo. Kazi yangu kuchapa.

Jaji Comeau akavua miwani.
Nje, Halifax ilikuwa theluji na tope;
ndani, bomba la joto likigonga ukuta kama mdai.
"Inayofanana," akasema, "kwa macho ya nani?
Nikimfunga mtu kwa neno hili
ataamka kila siku akijiuliza kama amekaidi mahakama."
Akalikata kwa wino mwekundu.

Mtu mwenyewe ni Wendell Zwicker wa Lunenburg,
muuza kabichi chachu kwa ndoo,
mikono inanuka siki hata kizimbani.
Alikosa, hilo halina ubishi:
dubu wake kanakiliwa unywele kwa unywele,
na Bibi Eisenhauer aliapa
kwamba alinunua ya huyu akidhani ni ya yule,
akagundua mezani, mbele ya wageni.

Lakini kosa lina kimo chake,
na zuio hukatwa kwa kimo hicho,
lisiburure chini, lisiache magoti nje.

Tukapima. Rasimu ya saba, ya nane.
Dubu: mweusi, aliyesimama, mkono juu. Aliyeketi aachwe.
Bidhaa: kabichi na achari. Asali hakuuza, asali itoke.
Mahali: hapo jaji alinyamaza kitambo,
kisha akaandika nchi nzima,
maana alama imesajiliwa nchi nzima.
Ndoo mia nne zilizokwisha kujazwa
zisimwagwe; zibanduliwe karatasi, siku thelathini.
Kabichi haikumwiga mtu.

Zwicker akauliza swali moja.
Bandani kwake yuko dubu ukutani,
kachorwa na binti yake wa miaka tisa
kwa rangi iliyobaki ya uzio. Mkono juu.
"Naye yumo?"

Wakili wa Winnipeg alifungua kinywa, akakifumba.
"Unauzia hapo?"
"Jumamosi tu, mheshimiwa."
Jaji akaniashiria niongeze maneno mawili:
*katika biashara*.
Hakueleza zaidi.

Mwezi wa tano nilipita barabara ile.
Turubai limekunjwa juu ya paa, kamba zinaning'inia,
na dubu, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine,
ananipungia.
Nikakumbuka siku: Jumapili.
Nikaongeza mwendo.