Mwisho wa Neno

Vitabu viwili vilifika Kigoma bila mwenyewe,
ndani ya begi la turubai lenye zipu mbovu,
chini ya kiti, behewa la tatu,
pamoja na kandambili ya mguu wa kushoto
na nusu kopo la asali ya Tabora.
Nikaandika daftarini: *Vitabu, 2. Lugha hazijulikani.*
Mizigo isiyo na mtu hungoja siku tisini.
Siku ya tisini na moja nikavifungua.

Cha kwanza ni cha Wahmong, watu wa milima ya Asia,
maneno yao mafupi kama kokoto za relini.
Po. Basi.
Ila mwishoni hufungwa herufi isiyotamkwa,
imesimama kama mshika bendera,
kuiambia sauti: panda, shuka, kwaruza.
*Pos* ni mwiba.
*Pog* ni bibi, mama yake baba.
*Pov* ni kutupa, *pom* ni kuona.
Na *po* tupu, isiyo na bendera, ni bandama.

Nilicheka peke yangu kati ya mabegi.
Mwalimu Shemweta, aliyetoka Lushoto,
alijifunza Kiha kwenye karatasi,
akaja kwetu Kasulu ameshika tumbo: *inda*, mama, *inda*!
Sauti ikaangukia pabaya. Mama akasikia chawa,
akamletea mafuta ya taa na kitana.
Karatasi ile haikuwa na bendera.

Cha pili ni cha Wakechua, wa milima ya Andes,
na hawa, nilipowasoma, niliwajua kwa mwendo.
*Wasi*, nyumba. *Wasiy*, nyumba yangu.
*Wasiykuna*, nyumba zangu.
*Wasiykunapi*, humo ndani ya nyumba zangu.
Mabehewa!
Kama sisi tusemapo *hatutawapelekea*,
ila kwetu mabehewa mengi hutangulia kichwa,
kwao kichwa hutangulia, mengine yote hufuata.
Na nyuma kabisa, penye taa nyekundu ya gadi,
msemaji hutia sahihi:
*mi*, nimeona mwenyewe;
*si*, nimeambiwa;
*chá*, nakisia tu, usinishike.

Bukuru akaweka chini mkono wa simu:
"Treni imetoka Uvinza."
"Imetoka-mi au imetoka-si?"
Akanitazama kama mtu aliyelala na njaa.

Lakini mimi nilikuwa nauliza jingine.
Mwaka wa pili huu abiria wanashuka na kaka yangu mdomoni.
Gwasa ameonekana Mpanda.
Gwasa ameonekana Kalemie, anauza betri, amenenepa.
Ameonekana.
Kiswahili changu, nakupenda, ila hapo unanitesa:
umeniletea kuonekana, macho umeyaacha njiani.
Ameonekana na nani? Saa ngapi? Alikuwa na kovu la kidevuni?
Hakuna gadi, hakuna taa,
behewa la mwisho limekatika huko Kazuramimba
na hakuna aliyegeuka nyuma.

Jana mama mmoja, amejitwika dumu la mawese,
alisimama dirishani pangu.
"Gwasa wenu? Nimemwona."
"Kwa macho yako?"
Akalitua dumu. Akafuta shingo kwa kanga.
Akasema tena, "Nimemwona,"
lakini safari hii neno lilishuka mwishoni,
likakwaruza kidogo,
na mimi, mtoto wa Kiha, sikuhitaji kitabu.
Kati ya kuona na mwiba
kuna upana wa pumzi moja.
Nikamshukuru. Nikamsaidia kujitwika.

Watu husema mji wetu ni mwisho wa reli
kana kwamba mwisho ni mahali pa kuishiwa.
Milima miwili isiyowahi kusalimiana
imenifundisha kukaa huku mkiani:
mmoja umeweka ukweli kwenye herufi bubu,
mwingine kwenye silabi iliyotazama nyuma.
Anayeshuka kabla ya stesheni ya mwisho
amesikia nyumba, hajajua ni nani aliyeingia.

Mwenye vitabu hajaja.
Usiku nilifungua daftari, nikakata *hazijulikani*,
nikaandika *zimeonekana*.
Nikaitazama.
Nikaikata nayo.
Nikaandika: nimeziona mimi.